Taa ya Kwenye Mchaichai

"Fundi, ile taa ya kwenye mchaichai imegoma tena."

"Tena?"

"Tena! Inadeka kama mtoto wa mwisho."

Upande wa pili wa simu fundi akazima pikipiki.

"Sawa, mama. Jioni nakuja. Ila ndiyo mara ya mwisho. Nimepata kazi mbali, Jumatatu naondoka. Atakuja mwenzangu."

Mshonaji akaweka simu juu ya cherehani, uzi ukamkatikia mkononi. Mjane wa miaka saba, kibustani chake kinaenea mikeka mitatu, na ndani yake taa sita za sola alizofungiwa na fundi huyo. Tano nzima. Ya sita inaumwa kila Alhamisi.

Binti yake, aliyekuwa akikunja mashuka, alicheka mpaka akakaa.

"Mama, ugonjwa gani huo unaojua siku?"

"Muulize taa."

"Na wanja nao unaijua Alhamisi?"

"Kunja mashuka. Macho yangu niachie mwenyewe."

Haya, ukweli usizeeke tumboni. Kila Jumatano asubuhi mama huyu alichukua kipande cha kitambaa, akafunika nacho kioo cha sola cha juu ya taa ili isinywe jua. Alhamisi, akisikia pikipiki ya fundi, moyo humruka akasahau kukitoa kitambaa. Akija kukumbuka, hakipo. Akaushukuru upepo.

Jioni fundi akafika, mgane mpole mwenye mvi za masikioni. Akapiga goti kwenye mchaichai, akaiinamisha taa imulike majani, kivuli kiangukie ukutani. Mshonaji akaleta chai.

"Huko uendako kuna nini, fundi?"

"Hoteli. Bustani kubwa, taa mia mbili."

"Mia mbili! Basi hutapumzika."

"Nitapumzika sana. Hakuna atakayenipigia simu kwamba zinadeka."

Mshonaji akataka kusema nenda salama. Akaona heri aibu ya leo kuliko Alhamisi zote zijazo.

"Fundi, taa haina ugonjwa. Mimi ndiye ninayeifunika."

Fundi hakushtuka. Akatia mkono mfukoni mwa shati, akapanga vipande vya kitambaa juu ya kigoda: cha madoa, cha buluu, cha bitana nyekundu… vinane.

"Cha kwanza nilikikuta wiki ya kwanza."

"Ukanyamaza!"

"Ningesema, ungeacha kufunika. Navikusanya unishonee shati, fundi mwenzangu."

"Shati? Hivi havitoshi hata kola!"

"Kumbe? Basi sijamaliza kukusanya."

Akatoa simu, akaandika meseji huku akisoma kwa sauti: "Samahani bosi, siji. Huku kuna taa moja bado haijapona."

"Usiitume kwa ajili yangu."

"Naituma kwa ajili yangu mimi."

Akaituma. Mshonaji akajifunika uso kwa mtandio, mabega yakicheka.

Dirishani ikatoka sauti ya binti: "Baba, chai inapoa! Na mama naye ajibu, mashuka yameisha, siwezi kujificha hapa mpaka kesho!"

"Nitakupima shati kesho," mama akamwambia fundi. "Uje mapema."

Siku ya ndoa bwana harusi alivaa shati jeupe, na chini ya kola vipande vinane vimeshonwa kimoja kimoja. Ile taa ya sita ni nzima hadi leo. Ila Alhamisi pembe ile ya mchaichai bado ina giza, na siku hizi wanaifunika wawili.