Uwanja Nyuma ya Reli

Kila Jumamosi asubuhi, watu wa kartie moja, yaani mtaa mmoja, mjini Kamina hutoka kwa salongo, ile kazi ya pamoja ya kusafisha mahali pa wote. Mwezi huo walikuwa wakitengeneza bustani ya kupumzikia na kuchezea, nyuma ya reli. Jumamosi moja Glodie, msichana wa darasa la sita, alikuwa amefika mapema, akakata majani na kubeba matofali kichwani. Mchezo wake ni nzango: wasichana husimama wakitazamana, huimba, hupiga makofi na kurusha miguu, na mwenye mguu mwepesi hushinda. Mguu wa Glodie, nakwambieni, ulikuwa mwepesi kuliko ulimi wake, na ulimi wake haukuwa mzito.

Shefu wa kartie, baba Zébédée, alikuwa amewapa Ngoie na wavulana wenzake kazi ya kupigilia vijiti vya kuonyesha kila kitu kitakaa wapi. Ngoie alikuwa nahodha wa mpira. Basi akapigilia huku, akapigilia kule, na alipomaliza, bustani yote ilikuwa uwanja wa mpira. Choo alikipeleka mwisho kabisa, ndani ya matete marefu.

"Na sisi tutachezea wapi?" Glodie akauliza.

"Kule barabarani, kama siku zote," Ngoie akajibu. "Nzango haitake fasi mingi."

"Barabarani kuko mapikipiki. Na hicho choo, minyi siendi mu matete peke yangu."

"Weye unalalamika sana. Jumatatu fundi anasimamisha magoli, imeisha."

Glodie aliumia moyoni. Mikono yake ilikuwa na malengelenge kwa ajili ya bustani ambayo hangeichezea. Hakulia wala hakutukana. Alikwenda moja kwa moja kwa mwalimu wao, Madame Éliane, aliyekuwa akifagia karibu na shefu, akawaeleza yote.

Madame Éliane akamwita Ngoie. "Unasema barabarani panatosha?"

"Ndiyo, Madame."

"Vizuri. Kesho baada ya kanisa, wasichana watachezea hapa, ninyi barabarani. Jioni utamwambia shefu kama vijiti vibaki au viondoke."

Ngoie akacheka. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na Ngoie alikuwa bado mzima kabisa.

Jumapili, hata mchezo haujachangamka, pikipiki ikapita ikipiga honi. Wavulana wakakimbilia pembeni. Walirudi, ikaja nyingine. Kisha mpira ukaingia chini ya baiskeli ya baba mmoja aliyebeba makaa, na magunia yote yakaanguka.

"Nani alibafundisha kucheza mu njia?" baba yule akauliza. Wavulana waliokota makaa mpaka nyuso zikawa nyeusi tii.

Baadaye Ngoie akabanwa na haja, akaingia kwenye matete, pale pale alipopeleka choo. Kitu kikachakarisha nyuma yake, akatoka mbio huku ameshika suruali. Kumbe ni bata wa jirani. Wenzake walicheka mpaka wakakaa chini.

Bustanini nako nzango ilikuwa imenoga. Akina mama walikuwa wameketi chini na watoto wao, na hata kambo yake Ngoie, yaani bibi yake, alikuwa akipiga makofi. Ngoie hakuwahi kujiuliza kambo angeketi wapi. Aliona aibu, akaenda kwa shefu.

"Shefu, vijiti viondoke. Minyi njo nilikosea."

Jioni hiyo hiyo wakapanga upya, safari hii na Glodie na akina mama. Uwanja wa mpira ukapunguzwa, wachezee wavulana na wasichana kwa zamu. Pakatengwa mahali pa nzango, na viti vya wazee kivulini. Choo kikaletwa karibu na njia ya kuingilia, chenye milango miwili. Mvulana mmoja, Guylain, alijaribu nzango akaanguka chali, akainuka akiomba kujaribu tena.

Shefu Zébédée akawakusanya. "Kosa la kwanza lilikuwa langu," alisema. "Kwa kazi niliita kila mtu, lakini kwa kupanga niliita wavulana tu. Mahali pa wote hupangwa na wote. Kabla ya kupigilia kijiti, muulize atakayecheza hapo, atakayeketi hapo, na atakayeogopa kupita hapo."

Kisha akamkabidhi Glodie nyundo.