Mluzi wa Kitanda cha Tatu

Mgonjwa wa kwanza kupiga mluzi usingizini alikuwa mwalimu mmoja mnene, aliyenyooshwa pua asubuhi ile ile. Muuguzi alicheka peke yake. Halafu akakumbuka kwamba pua ile imejazwa pamba pande zote mbili, na mdomo wa mwalimu uko wazi. Kicheko kikamkauka.

Wiki hiyo, kila aliyelazwa kitanda cha tatu alipiga mluzi ule ule mwembamba, ukipanda na kushuka na pumzi, na mashuka yakanuka mafuta ya waridi. Daktari alipoambiwa alijua mara moja. Kile kilikuwa kitanda alichofia binti yake, na waridi ndiyo mafuta aliyojipaka.

Binti alizaliwa na pua ya baba, yenye kinundu katikati. "Baba, umechonga pua za mji mzima, mimi umeniachia hii yako?" Walitaniana hivyo miaka mingi, mwisho mzee akakubali. Kinundu alikichonga vizuri, tena kwa mkono mwepesi. Kosa lilikuja kesho yake. Kila mgonjwa wake, siku ya pili, alibonyezwa ukuta wa kati wa pua kwa kijiti chenye pamba, apende asipende. Ukibonyea kama donge la unga, kuna damu imejikusanya ndani, na lazima itolewe siku hiyo hiyo kabla haijaoza. Binti alipolia, "Baba, inauma," daktari alirudisha mkono.

"Basi, mwanangu. Tutaangalia kesho."

Mchelea mwana kulia hulia yeye. Kesho ikawa keshokutwa, usaha ukautoboa ukuta, na siku zake tatu za mwisho binti alipumua kwa mluzi. Kisha homa ikampanda kichwani, akafa akiwa na pua nzuri.

Mke wa daktari ndiye aliyemleta mganga, mama mmoja mkavu asiye na maneno mengi. Ilikuwa saa saba mchana. Mganga alifunga mapazia, akainamia kitanda kitupu, akanusa.

"Kuna jini limemshika binti yenu hapa," alinong'ona. "Linapumua kwa pua yake. Daktari, ile kazi uliyoiacha, imalize. Akilia usimwachie. Ukimaliza, litamwachia."

"Mume wangu," mkewe akasema, "mpe mwanangu apumzike."

Daktari akavaa barakoa, akachukua kijiti. Mluzi ukaanza, karibu kabisa, ukimpuliza vidole, na harufu ya waridi ikapanda ikichanganyika na usaha, na mto ukabonyea polepole pasipo kichwa, na kijiti kikapita hewani kikagusa kitu chenye joto, kikakibonyeza, nacho kikabonyea laini, laini kabisa, kama alivyojua siku zote kwamba kingebonyea, na mganga akahimiza, "Endelea, endelea," na mkewe akajiziba mdomo kwa upande wa kanga, na kutoka juu ya mto ule mtupu ikaja sauti ambayo angetoa macho yake yote mawili kuisikia mara moja tu.

"Baba, inauma."

"Ni lenyewe linalosema!" mganga alifoka. "Bonyeza!"

Labda lilikuwa jini. Labda halikuwa jini. Mkono wa daktari ulisimama, kisha ukarudi nyuma.

"Basi, mwanangu," akasema huku machozi yakimdondokea barakoa. "Tutaangalia kesho."

Mkewe akaketi sakafuni pale pale, akalia kwa sauti. Na kitandani mluzi ukaendelea, safari hii taratibu, kama wa mtoto aliyebembelezwa.