Simba wa Mama Vahwere

Siku Honoré alipowaingiza wale simba wa kauri sebuleni, mbwa wa jirani aliacha kukatiza parseli yao, kiwanja cha nyumba. Alizunguka mbali, mkia tumboni. Emérance, mkewe, aliona, akaendelea kufagia. 

Nyumba haikuwa yao. Ilikuwa ya Mama Vahwere, mfanyabiashara aliyekimbia vita. Waliikuta wazi, wakaingia, kama wengi mjini Bunia walivyofanya. Kisha watu wakasema amani imerudi. Mama Vahwere naye akarudi, akawa anakaa kwa dada yake, na alikuja kuomba nyumba yake kwa adabu zote. Honoré alimjibu barazani, bila kumpa kiti.

Simba walikuwa wa mlangoni: jozi ya kauri ya China, ya kale, kijani cha kung'aa, dume akikanyaga mpira, jike akikanyaga mwanawe. Marehemu mume wa Vahwere ndiye aliyewaleta. Honoré, mwizi anayeogopa wezi, akawasimamisha kando ya televisheni, macho kwenye viti.

Kwanza ilikuja harufu ya manyoya yaliyolowa. Kisha sauti ya kucha kwenye sementi, mchana kweupe, jikoni hakuna mtu. Kisha Dorcas, mtoto wao wa pekee, akaanza kuamka na mikwaruzo mgongoni, na kila Emérance alipompaka mafuta alihisi pumzi ya joto shingoni mwake mwenyewe, pumzi ya kitu kinachonusa bila haraka, kinachochagua kianze na nani, na akigeuka aliwakuta simba wametulia, meno yamelowa, au labda ni ule mng'ao tu, labda.

Wakamwita Mama Pétronille, mwombeaji wa chumba cha maombi cha mtaani. Alinusa, hata Biblia hakufungua.

"Iko jini ndani yao, jini mulinzi," alinong'ona. "Umewageuzia ndani, sasa mwizi wanamuona ni ule anakaaka kwa kiti. Warudishe kwa mulango. Na nyumba pia, irudishe."

"Simba, ndiyo. Nyumba, hapana," alisema Honoré. "Vita ilishaisha."

"Kwako iliisha muzuri, papa."

Simba wakarudishwa, uso nje. Emérance alimwacha Dorcas amelala mkekani, Honoré akiosha pikipiki uani, akaenda kuchota maji.

Aliporudi, mlango ulikuwa wazi, lakini miguu yake ikakataa kupita katikati ya simba. Joto lilimpiga magotini, mngurumo ukapanda ndani ya mifupa, akasukuma kwa bega, kwa kichwa, akarushwa chini pamoja na maji yake, na ndani Dorcas alikuwa akilia "mama", kisha akilia kama kitu ambacho hakijawahi kuwa na mama.

"Honoré! Wanatuona sisi ndio wezi! Kimbia, ita Mama Vahwere!"

"Tukimuita, nyumba imekwenda."

"Na mutoto?"

Honoré aliinua macho kwenye mabati mapya aliyoyapigilia mwenyewe. Kisha akainama tena kwenye pikipiki.

Emérance alikimbia peku. Mama Vahwere alikuja naye, akapita katikati ya simba kama anayepita katikati ya wanawe, akatoka na Dorcas mikononi.

"Shika mutoto wako. Wangu alifia mule ndani, wakati ya vita. Hakuna mutu alimutoa."

Akarudi ndani ya nyumba yake, akafunga mlango.

Sasa Honoré na Emérance wamepanga chumba karibu na soko. Dorcas hasemi tena. Hulala kizingitini, uso nje, ngozi baridi kama sahani ya kauri. Mama yake humwacha apite. Honoré akikaribia, mtoto huinua mdomo wa juu taratibu, meno yakionekana. Na majirani wamezoea kumwona bwana yule akilala juu ya pikipiki yake, nje, mvua ikimnyeshea.