Uso Uliofutwa Studio

Saa mbili asubuhi mnunuzi wa studio alifungua chumba cha giza cha kusafishia picha akakuta picha kubwa ya familia imetolewa kwenye fremu na kulazwa mezani. Mama yupo, watoto watatu wapo. Baba yao, marehemu mpiga picha, hana uso. Juu ya kola pamebaki weupe mtupu.

"Nilinunua studio na vyote vilivyomo," alimlalamikia Inspekta. "Uso ule ulikuwa uende kwenye bango la duka langu la simu. Namtaka aliyeniharibia!"

Inspekta alivuta ile harufu ya dawa, moyo ukamwenda mbali. Humu ndimo marehemu alimompigia picha yake ya kwanza ya kitambulisho, akimtania, "Inua kidevu, mheshimiwa."

Akarudi kazini. Chupa ya dawa ya kufifisha picha ilikuwa mpya, nguvu yake asilimia kumi. Zilipungua mililita kumi tu. Kwenye bakuli, kando ya brashi, mlikuwa na maji ya manjano hafifu, mililita mia mbili. Akapiga hesabu kimoyomoyo: kumi ndani ya mia mbili ni sehemu moja kati ya ishirini. Nguvu imeshuka hadi nusu asilimia. Aliyefuta hakuwa na pupa. Hata sikio la mtoto aliyepakatwa halikuguswa. Hesabu hiyo hakumwambia mtu.

Wa kwanza kushukiwa alikuwa kifungua mimba wa marehemu. Inspekta na mnunuzi walimkuta nyumbani, nyuma ya studio, mama yake akikunja nguo pembeni.

"Uliapa picha ile haitoki ukiwa hai," Inspekta alimwambia.

"Zilikuwa hasira, afande. Nimfute baba yangu mwenyewe?"

"Tuseme umeamua. Dawa ungeichanganyaje?"

"Sijui... nusu dawa, nusu maji?"

Mama akacheka kidogo. "Hapo ungewafuta na wadogo zako, mwanangu. Moja ya dawa, kumi na tisa za maji."

Inspekta akamgeukia.

"Mama," Inspekta alisema kwa upole, "kipimo hicho nakijua mimi tu, na aliyekichanganya."

Mama akaliweka shati chini. "Basi ni mimi. Mume wangu aliionea haya kamera. Alikubali kupigwa mara moja tu, nilipombembeleza mimi. Leo akasimame barabarani kuuza simu? Na kuichana singeweza, wanangu wamo."

"Si ungeniambia, mama?" mwanawe aliuliza.

"Ungempiga mtu ukafungwa."

Akafuta macho kwa upande wa kanga. "Kipimo kile alinifundisha tulipooana, mkono wake juu ya wangu. Jana nilipomimina nikamsikia kabisa: 'Polepole, mke wangu.' Nikakawia makusudi."

Mnunuzi, aliyesimama mlangoni muda wote huo, alikohoa. "Kwenye bango nitaweka picha ya simu," alisema. "Shauri hili, afande, silitaki tena."

"Picha nayo?" Inspekta aliuliza.

"Ni yao."

Mama alikuwa ameshainuka. "Basi nikaisuuze. Dawa ikikauka kwenye karatasi itawafuta na watoto."

Mwanawe akambebea beseni. Katika chumba cha giza, mama akamshika mkono, akamwonyesha jinsi ya kuyaachia maji yapite juu ya karatasi, polepole.