Mwanachama Aliyerukwa

Ukumbi wa chama cha mafundi cherehani ulifurika siku hiyo, lakini Fundi Suti alimwona mtu mmoja tu: dada wa takwimu aliyekuja kukusanya maoni ya wanachama, gauni la manjano limemkaa barabara, pindo la nyuma limefumuka kidogo.

"Dada, na mimi unihoji. Nina maoni hadi nakosa usingizi."

Dada akapitisha kidole kwenye orodha ya wanachama. "Pole, kaka. Nilibahatisha pa kuanzia, ikatoka namba saba. Kutoka hapo, kila wa ishirini ndiye ninayempigia simu. Wewe nimekuruka."

"Hata kama nakupendeza?"

"Hapo ndiyo kabisa! Nikichukua wanaonipendeza, nitaandika maoni ya chama au ya moyo wangu?"

Suti akatoka ukumbini. Hakuwahi kukataliwa vizuri namna ile.

Kesho yake akasikia kwamba jirani yake, Mzee Vifungo, amechaguliwa kuhojiwa. Akaiazima simu yake kwa ujanja, na ilipolia akapokea yeye, akikohoa kizee. Alijibu yote kwa madaha, mpaka ulimi ukamponza: "Na lile pindo umelishona, mpenzi?"

"Ni wewe!" Sauti ya dada ilitetemeka kwa hasira. "Mzee wa watu ameulizwa maoni yake, wewe umemziba mdomo ili unichezee mimi? Usithubutu kunipigia!"

Suti alipiga hivyo hivyo. Haikupokewa. Aliumia, lakini ndani ya maumivu yale alizidi kuvutiwa naye: mwanamke huyu alikuwa akimtetea mzee asiyemjua hata sura.

Akamwambia Mzee Vifungo ukweli wote, akaomba radhi, kisha akampeleka mwenyewe ofisini kwa dada. Akasubiri nje, shati limenyooshwa. Mzee alizungumza ndani kwa muda mrefu, akatoka anatabasamu.

Dada akafuata. "Majibu yako nimeyafuta. Ya mzee yameingia."

"Nashukuru. Nisamehe, dada." Akageuka aondoke.

"Sasa unakwenda wapi? Ninaowahoji siruhusiwi hata kunywa nao chai. Lakini wewe si miongoni mwao."

Suti akasimama. "Yaani... unanipenda?"

"Siku ile ulipotoka ukumbini," dada alisema, macho chini, "nilirudia kuhesabu tangu mwanzo, nihakikishe kweli nimekuruka."