Nilihesabu Risasi Tatu, ya Nne Ikaninyang'anya Mguu

Nina miaka arobaini na mbili, baba wa watoto watatu, na mguu wangu wa kushoto umebaki na vidole viwili. Ukiuliza hapa Gatina, Kawangware, kuna watakaokuambia niliiba bunduki ya mdosi nikajipiga nayo. Uongo! Nimechoka kuusikia, na leo naongea mimi mwenyewe.

Nilizaliwa Kibera, upande wa Ayany, na kazi yangu tangu ujana ni usoja, kulinda mageti ya watu. Miaka minne iliyopita nilipata kazi kwa mzee mmoja kwenye mitaa ya matajiri, mwendo wa mguu tu kutoka kwangu. Aliyeniingiza huko ni Wekesa, dereva wa mzee, ndugu wa mke wangu Nafula. Tuliitana mulamwa, yaani shemeji, na kwa kweli nilimpenda kama ndugu wa tumbo moja.

Mzee alikuwa na kibali cha kuwinda ndege. Bunduki yake ilikuwa ile ya kuvuta kishikio nyuma na mbele... ukivuta, risasi moja inatoka na nyingine inaingia. Chini ya mtutu kuna bomba la kuwekea risasi, na ndani yake mzee alikuwa ametia kijiti ili lisibebe zaidi ya mbili. Alisema mwindaji anayehitaji zaidi ya hapo hajui kulenga. Mbili kwa bomba, moja tayari kwa mtutu. Tatu basi.

Sasa ngojeni niwaambie kosa langu, maana sitaki mtu anisemee. Sheria ilikuwa hairuhusu mimi kuigusa ile bunduki. Nilijua. Lakini mzee akirudi kutoka porini alikuwa ananiita niisafishe, na mimi, soja wa rungu na tochi, nilijiona mkubwa! Pale kwa kinyozi nilikuwa nawaeleza watu vile bunduki inafunguliwa, na wananisikiliza kimya. Navuta mara tatu, tatu zinaanguka, nabonyeza kifyatulio kulegeza springi, napangusa, narudisha. Sikuwahi kuchungulia ndani. Ya nini, na nimeshahesabu?

Halafu wezi wakavunja nyumba ya jirani mchana kweupe. Mzee akaingiwa na hofu. Akasema bunduki sasa ni ya kulinda nyumba, na risasi tatu ni kidogo. Akatoa kijiti, akajaza bomba mpaka likashiba: tano, na moja kwa mtutu. Mimi nilikuwa ofu siku hiyo, niko nyumbani. Wekesa ndiye aliyemshikia bunduki, na mzee akamwambia anijulishe nikirudi.

Wekesa akasahau. Kusahau tu, jamani... hilo ningemsamehe hata leo.

Jumamosi asubuhi mzee akanipa bunduki kwa mkono wake, akaniambia niipanguse vumbi. Nikaketi nje ya stoo. Nikavuta. Moja. Mbili. Tatu. Nikaelekeza mtutu chini, nikabonyeza.

Siwezi kuwaelezea ule mlio. Nilitazama kiatu changu na sikuona kiatu.

Siku ya pili Wekesa alikuja hospitalini na karatasi iliyochapwa vizuri kabisa. Ilisema kwamba mimi nilivunja kabati, nikaiba bunduki, nikaanza kuichezea. Mzee alikuwa anaogopa kunyang'anywa kibali, na Wekesa alikuwa ameshakubali kuwa shahidi wake. Nikiweka sahihi, mzee hatanishtaki. Nikikataa, watanishtaki wote wawili.

"Mulamwa, weka sahihi tu, yaishe," akaniambia bila kunitazama.

Yaishe? Soja mwenye jina la wizi atapata wapi cheti cha tabia njema cha polisi? Na bila hicho cheti, nani atanipa geti lake nililinde? Vidole vilikuwa vimeenda. Walitaka na jina langu pia!

Nafula alikuwa amesimama hapo na chupa ya uji. Akaiweka chini polepole.

"Wekesa, jana ulinipigia simu ukilia, ukasema ulisahau kumwambia. Leo mume wangu amekuwa mwizi?"

Wekesa akachukua karatasi yake akatoka.

Mama mkwe akapiga simu kutoka Bungoma. Akamwambia Nafula achague, bwana au ndugu yake. Nafula alilia siku nzima, lakini niliporuhusiwa kutoka, ni yeye aliyenishika mkono tukaenda kituo cha polisi, mimi na magongo yangu.

Nikasema yote. Kwamba niliigusa bunduki nisiyoruhusiwa kuigusa, na mwenyewe ndiye aliyenipa. Nafula akaandikisha yake kuhusu ile simu. Wekesa alipoitwa, dada yake akiwa ameketi mbele yake, uongo ulimshinda. Mzee alinyang'anywa bunduki na kibali. Mimi nilikaripiwa vikali, na nilistahili.

Leo nalinda geti la shule moja Kibera, na cheti changu ni safi. Lakini Nafula haendi tena kwao. Mamake aliugua mpaka akalazwa, na hakuna wa kwao aliyemwambia. Hilo linaniuma kuliko mguu.

Wasomaji wenzangu, msipokee bunduki ya mtu kwa sababu ya sifa, hata mwenyewe akikupa akicheka. Msiamini hesabu ya jana, bunduki inaweza kubadilishwa ukiwa umelala kwako. Na mkishaumia, msikubali kuandikiwa uongo eti mambo yapoe. Tafadhali!

Na nyinyi mnaonong'ona nikipita na mwendo wangu wa kuchechemea, ongezeni sauti. Nimewaambia hadi lile langu la aibu. Mwizi si mimi, na mkinitupia jina hilo nitawarudishia hapo hapo barabarani, mke wangu akiwa kando yangu.