Binti Hainui Kichwa

Kitabu chenyewe Gelasius hakukiagiza. Alikikuta Jumamosi asubuhi kwenye rafu ya hadithi za watoto, jalada la kijani lisilo na jina la mwandishi, kikinuka nywele zilizoungua. Mtu mwenye akili angejiuliza. Gelasius alikipangusa kwa kiganja, akakirudisha rafuni.

Duka lake la vitabu pale Majengo lilikuwa na rafu mbili za watoto na moja ya vijana, na hakuwahi kusoma hata hadithi moja. Aliziona upuuzi mtupu: za watoto, wanyama wanaongea, za vijana, msichana analia kurasa mia halafu anafaulu mtihani. Wanunuzi aliwaona wapuuzi zaidi. Mzazi akiuliza kipi kinafaa, Gelasius alichomoa kilichokuwa karibu na mkono, akatoa uongo wake ule ule.

"Chukua hiki, mama. Binti yangu mwenyewe alikisoma, hakuinua kichwa mpaka mwisho."

Binti huyo, Vestina wa darasa la sita, hakuwahi kupewa kitabu hata kimoja na baba yake. Vya kuuza havikuguswa.

Siku hiyo aliyeuliza alikuwa Séverine, mama mkulima kutoka Katumba. Gelasius akamnyooshea cha kijani, akasema maneno yake. Séverine akakinusa, akakiweka mezani haraka.

"Hiki hapana, baba. Kinanuka vibaya."

"Kumbe nyie wa Katumba mnasoma kwa pua?" Akamcheka mpaka mama wa watu akatoka nje.

Alipogeuka, kurasa zilikuwa zikijifunua zenyewe, moja baada ya nyingine, na upepo haukuwepo. Akasema ni panya. Panya gani afunuaye kurasa! Akafunga duka kwa kufuli, akaenda nyumbani kula.

Vestina alikuwa amekaa chini ukutani, kichwa kimeinama, kitabu cha kijani kimefunguliwa mapajani.

"Nani kakupa hicho?"

 Midomo ya mtoto ilisoma kimya kimya, macho hayakupepesa. Theopista, mama yake, alimshika kidevu ajaribu kumwinua, lakini shingo ilikuwa ngumu kama mchi.

"Nimetoka jikoni nikamkuta hivi," alinong'ona. "Baba Vestina, naogopa."

Siku mbili zilizofuata uji ulimmwagikia kifuani kwa sababu midomo haikuacha kusoma, na kila alipofika mwisho alianza upya, na sauti iliyoanza kumtoka haikuwa ya mtoto bali nzito, ya mzee aliyekohoa sana, na Gelasius alipojaribu kumpokonya kitabu vidole vilimbabuka, na ile harufu ya nywele ikajaa nyumba nzima mpaka majirani wakafunga madirisha mchana kweupe.

Theopista akamleta Manyanda, mganga wa Kisukuma. Gelasius alimtazama miguuni, akaona ndala za matairi, akaguna kwa dharau. Manyanda hakumjali. Alimfukizia mtoto dawa, vidole vikalegea, akakitoa kitabu.

"Ni jini," alisema kwa sauti ya chini. "Lilikusikia ukisema binti yako hakuinua kichwa. Likafanya iwe kweli. Sasa kisome wewe, kwa sauti, mbele yake. Usiruke hata neno. Halafu uniletee nikichome."

"Mimi nisome hadithi za watoto?"

"Ni mwanao, Gelasius!" Theopista alilia.

Akasoma. Ilikuwa hadithi ya msichana anayekwenda msituni kuchota maji. Kadiri alivyosoma, shingo ya Vestina ililegea, na hofu ilipompungua Gelasius, dharau ikarudi mahali pake. Akafika pale msichana anapoamkia miti, mti mmoja mmoja. Porojo. Akafunua karatasi mbili kwa mpigo, akaendelea mpaka mwisho.

Vestina akainua kichwa, akaomba chakula. Theopista alimkumbatia akilia kwa furaha.

Kesho yake Gelasius hakwenda kwa Manyanda. Kitabu kizima kichomwe kwa maneno ya mtu wa ndala za matairi? Alikipeleka dukani, na mama wa kwanza aliyeulizia hadithi ya mtoto alikipata, kimefungwa kwenye gazeti, huku Gelasius akichezea simu.

Mchana alirudi nyumbani, akamkuta Vestina akila ugali kwa maharage, shingo imenyooka.

"Umepona, mwanangu?"

Vestina akamtazama. Sauti iliyotoka ilikuwa ya yule mzee.

"Uliruka kurasa, Gelasius. Binti yako yumo humo. Anakuita, husikii?"

Sahani ilimponyoka Theopista. "Kitabu kiko wapi?"

"Nimekiuza."

"Kwa nani? Twende tukamtafute, kwa nani?"

Gelasius alifungua mdomo. Alitafuta kichwani sura ya yule mama, akatafuta rangi ya kitenge, akatafuta hata sauti. Hakuwa amemtazama.